Mwanatumu na Joka la Chemchemi

Sogeeni, wenzangu, mnipe masikio niwape kisa.

Alikuwako binti tabibu, jina lake Mwanatumu. Baba yake alikuwa mtu wa mjini, mama yake mtu wa mlimani. Mjini walimwita mgeni, mlimani vilevile. Lakini wakiugua, wote walimbishia hodi.

Basi joka likaikalia chemchemi waliyoitegemea watu wa mjini na wa mlimani, likawa linanguruma na kutema moto. Sultani akapeleka askari, wakarudi mbio. Mwanatumu akaisikiliza ile ngurumo, akasema, “Huu si ukali. Haya ni maumivu.” Akachukua mkoba wake, akaenda.

Joka likauliza, “Mtu wa wapi wewe?”

“Tabibu.”

Likatema moto, ushungi wake ukaungua. Akasonga mbele.

“Mtu wa wapi wewe?”

“Tabibu.”

Moto ukamla nyusi. Machozi yakamtoka, naye akasonga.

“Nasema, mtu wa wapi?”

“Tabibu! Fungua kinywa nione!”

Joka likaduwaa, likafungua. Ncha ya mkuki ilikuwa imezama ufizini, usaha umejaa. Mwanatumu akaingiza mkono hadi begani, akavuta, akavuta, akavuta, ikatoka. Joka likashusha pumzi, likaruka, likaenda zake.

Sultani akaja akipaza sauti, “Binti yetu wa mjini!”

Wazee wa mlimani wakadakia, “Ni wetu huyo!”

Mwanatumu akanawa mikono. “Mimi ni wa baba na ni wa mama. Anayenitaka anichukue mzima. Sasa tekeni maji, watoto wana kiu.”

Wakateka pamoja kutwa nzima. Kisa changu ndicho hicho. Mwenye kiu naye akanywe.