Boliti Katika Maji ya Ukwaju

Kutu ni vazi, chuma kimo ndani. Methali hii mmeisikia leo harusini mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi tulieni. Ilianzia hapa hapa Kwemhosi, kwa Bi Zawena.

Mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja, Mwajabu, na pikapu kuukuu iliyolala uani miaka mingi mpaka kuku wakataga ndani yake. Desturi yetu mnaijua: bibi harusi hutolewa kwa chombo cha kwao. Mwajabu alipochumbiwa, mama yake akaapa kwamba mtoto atatoka nyumbani ndani ya gari la baba yake. Cha kuazima kingekuwa aibu, na Bi Zawena aibu hakuizoea.

Fundi Kaniki akaja, akavifungua vyuma vya chini kuvichungulia. Injini ilikuwa nzima, lakini springi na boliti zilijaa kutu nene, na vipuri vya gari la zamani vile havikupatikana tena.

"Mama, sifungi kitu nisichokiona," alisema. "Sijui humo ndani mna chuma au vumbi."

Mhina, shemeji yake Bi Zawena, akadakia. "Shemeji, hilo limekufa. Waite wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha tukodi teksi."

Bi Zawena aliingia jikoni. Alichemsha ukwaju, akaujaza kwenye karai, akavizamisha vyuma humo siku kadhaa, maana ndivyo alivyong'arisha masinia yake ya shaba tangu usichana. Kutu ikalainika. Akasugua kwa makumbi na mchanga mpaka vidole vikachubuka, akaviosha vile vyuma, akaviegemeza ukutani vikauke kama masinia. Kulipokucha, vyote vilikuwa vyekundu kwa kutu tena.

Mhina alicheka akashika mbavu. Bi Zawena alilia, lakini kwa hasira, na hasira ile ikamfungua macho: chuma si shaba, hakitaki kulala na maji. Akaanza upya. Safari hii kila kilichotoka majini alikifuta, akakikausha juu ya jiko, na kingali moto akakipaka mafuta.

Kaniki aliporudi aligonga kimoja kimoja kwa nyundo akisikiliza mlio. Boliti mbili zilikuwa zimeliwa, akazitupa. Springi zililia vizuri.

"Hizi nzima," alisema. "Mhina, njoo ushike mwenyewe."

Mhina akashika, akageuza huku na huku. "Nilidhani zimekwisha," alisema taratibu.

"Wewe uliona kutu, shemeji," Bi Zawena akamwambia. "Mimi nilimwona mume wangu akipakia magunia humu."

Siku ya harusi pikapu ilitoka na bati lake jekundu vilevile, kwa kuwa rangi hawakuwahi kupiga. Ikabeba bibi harusi, kungwi, mashangazi wote, ngoma na masinia, ikapanda kilima cha kwa kina bwana harusi bila kusita. Mhina alisimama nyuma akiimba kwa sauti kuliko wanawake.

Mama wa bwana harusi akatoka kuwapokea, akaliangalia gari juu mpaka chini. "Mkwe wangu, ndiyo mmetuletea mtoto kwa kutu hii?"

Bi Zawena alishuka, akakaza kanga yake. Kifua kilikuwa kimemjaa fahari, wala hakuificha.

"Kutu ni vazi, mkwe," alisema. "Chuma kimo ndani."