Kiboko Atangaza Mvua

Jamani, hadithi ipite?

"Ipite, mkeka umetandikwa!"

Na ikija na uongo wake?

"Tutautafuna hivyo hivyo!"

Basi hapo kale, kwenye bwawa la Mtopeni, Kiboko alikuwa na kila kitu: maji, majani, kivuli. Usingizi tu ndio hakuwa nao, na aliyemkosesha usingizi ni Chura.

Maana Chura ndiye aliyekuwa mtangaza mvua wa kijiji. Kila mwaka alipanda juu ya jiwe akalia, "Kwaa! Kwaa! Mvua yaja!" Kisha, kama mila ilivyotaka, akatangulia kupanda mbegu zake. Wengine walingoja. Za mtangazaji zikichipua, wote hao shambani, majembe begani. Na maboga ya kwanza kuiva yalikwenda kwake.

Maboga! Kiboko alipoyaona yakipita mbele ya pua yake, wivu ulimshika. "Kimdomo kile!" alinung'unika. "Mimi nina kinywa cha kumeza mlango, halafu anasikilizwa yeye?"

Siku moja akamwendea, puu! puu! puu!

"Chura, nipe jiwe hilo. Ukikataa nakukalia, wewe na wanao."

Chura akayatazama makalio ya Kiboko, akawatazama wanawe.

"Chukua, mzee wangu. Cheo ni chako."

"Na siri?"

"Siri ni ngozi. Kila asubuhi naisikiliza ngozi yangu. Ikiwa na unyevu, natangaza."

"Basi?"

"Basi. Ila mila usiisahau: utangulie kupanda. Ukipanda nyingi, watakuamini zaidi."

Asubuhi Kiboko akatoka bwawani, akajisikiliza. Mgongo umelowa chapachapa. Tumbo limelowa chapachapa. Hata masikio yanadondoka maji, to! to! to!

"Salaale! Mvua hii si ya kawaida!"

Akapanda jiwe, akapanua kinywa: "Mvuaaa!" Akafukia mbegu zake zote, mpaka za akiba.

Jua likawaka, waa! Kesho yake akatoka bwawani, kalowa chapachapa. "Mvuaaa!" Jua, waa! Keshokutwa, kalowa chapachapa. "Mvuaaa!" Jua, waa!

"Jirani, utapanda lini?" akamwuliza Kanga.

"Zako zikichipua, mzee," Kanga akajibu huku akicheua. Yeye na wenzake walikuwa wamelifukua shamba lote la Kiboko, kwaru kwaru, wameshiba hata kukimbia hawawezi.

Kiboko akasusa, akaliacha jiwe. Siku hiyo hiyo kumbikumbi wakaruka. Chura akaisikiliza ngozi yake, akaruka juu ya jiwe: "Kwaa! Kwaa!" Akatangulia kupanda. Mvua ikashuka, chwaaa! Za Chura zikachipua, kijiji kizima kikapanda.

Kiboko hakuwa na mbegu hata moja. Akamjia Chura, sauti imempungua.

"Mbona siri yako ilinidanganya?"

"Haikukudanganya, mzee. Mimi huisikiliza ngozi nikiwa nimelala nchi kavu. Wewe hukuniuliza nalala wapi."

Kiboko akatamani kumkalia. Lakini akimkalia, nani atawatangazia mvua? Wanakijiji wote walikuwa wamesimama pale, wakimtazama. Akarudi majini. Maboga yalipoiva yakapita tena mbele ya pua yake, naye akapanua kinywa, lisiingie hata moja. Mpaka leo anakipanua.

Hadithi imefika kwake, mkeka ukunjwe.

Na funzo lake? Wivu ni mbaya, jamani, acheni wivu. Ila ukiwa kanga, mwombee jirani yako asiuache.