Ule Weusi wa Maganda ya Risasi

Kisa hiki alinisimulia kwanza Mama Elinami, yule aliyenipokea nilipokuwa mgeni katika jumuiya yetu.

Kulikuwa na mke mmoja, ndoa yake bado changa. Mumewe alikuwa mlenga shabaha wa mashindano. Kila baada ya mazoezi, mume huyo aliokota maganda matupu ya risasi, yale ya shaba ya njano, akayasafisha ili ayajaze baruti upya.

Siku moja mume alikwenda msibani. Mke akasema moyoni, ngoja nimfurahishe. Akaloweka gunia zima la maganda hayo kwa sabuni na maji ya ndimu, akasugua mpaka vidole vikachubuka, akayaanika juani.

Mume aliporudi, akamvuta hadi uani.

"Njoo uone, mume wangu! Hiyo pete yako ya dhahabu inafua dafu hapa?"

Mume akacheka. Akaokota ganda moja, akaligeuza, akalisogeza karibu na jicho.

"Hukuyachambua kwanza?"

"Nichambue nini? Si yote yalikuwa machafu?"

"Ganda lililopasuka huvuja moshi, mke wangu. Ule mstari mweusi wa moshi ndio hunionyesha ufa. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele. Nikilijaza ganda la hivyo, moto utanirudia jichoni."

"Sasa kwenye mashindano ya Jumamosi utatumia nini?"

"Jumamosi nitakaa nyumbani. Jicho la akiba sina."

Machozi yakamtoka mke. Akayafuta haraka kwa pindo la khanga, akajilazimisha kutabasamu. "Basi, nimeshanyamaza."

Mume akaushika ule mkono wenye khanga. "Hayo nayo usiyafute. Nitajuaje panapokuuma?"

Akina mama wenzangu, na sisi je? Mwenzetu akija hapa jumuiyani macho yamevimba, tunamwambia nini? "Jikaze! Usilie, utamkufuru Mungu!" Tunamsugua kwa maneno mazuri mpaka ang'ae, kisha tunamrudisha nyumbani na ufa wake. Siku akipasuka tunashangaa: mbona juzi tulikuwa tunaimba naye? Mungu haogopi weusi wetu. Sisi ndio wenye haraka ya kuufuta kabla hatujauliza umetoka wapi.

Asubuhi iliyofuata baada ya kusimuliwa kisa hiki, nilimbeba mwanangu mgongoni nikaenda kwa jirani yangu aliyekuwa amezika mtoto. Aliponiona akaanza kujifuta macho. Nikamwambia, "Acha tu, dada." Nikaketi naye mkekani.