Mlango Wenye Kiraka

Wahenga waliposema nyumba njema si mlango, hawakukusudia kuwakatia maseremala riziki. Walitaka tu tusidanganyike na uzuri wa nje kabla hatujaingia tukaona kilichomo. Mama Pacha aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini aliielewa siku alipotafuta ubao.

Mumewe, seremala, alikuwa amepewa mbao za mvule zilizochangwa na waumini ili atengeneze mlango wa nyumba yao mpya ya ibada. Mlango ukipendeza, angepewa na kazi ya mabenchi. Ukichukiza, karakana ingefungwa, maana wateja walikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Basi asubuhi ya ukaguzi, Mama Pacha alipoingia kufagia maranda, macho yalimtoka. Sehemu ya chini ya mlango ule mwekundu ilikuwa na ubao mweupe wa msonobari, kama jino la kubandika.

"Baba Pacha, ubao wa mvule uko wapi?"

"Upo mahali pake," mumewe alijibu, akaendelea kupiga msasa.

Jibu hilo lilimwasha kuliko upupu. Alichungulia chini ya meza, darini, hata nyuma ya banda la kuku. Aliuona uchochoroni. Ulikuwa umelazwa kama mteremko juu ya ngazi za mlangoni kwa mwashi, jirani aliyevunjika mgongo kazini na ambaye tangu hapo hakuwa ametoka nje. Sasa alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, anaota jua huku machozi yakimtiririka. Ni mwashi huyo huyo aliyegombania ukuta na mumewe hadi wakanyimana salamu.

Mama Pacha alirudi mbio. "Yule aliyetutukana?"

"Ndiye."

"Si ungempa huo wa msonobari?"

"Ungevunjika naye. Mlango haubebi mtu."

Mama Pacha alimpenda mumewe wakati ule, na akaogopa pia, kwani mzee wa ibada alikuwa anabisha hodi.

Mzee alipapasa ubao mweupe, akakunja uso. "Mlango wa Mungu una kiraka?"

Seremala aliinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyesema, "Mzee wangu, njoo uone kipande chake kilipo."

Uchochoroni, mzee alitazama ubao, kisha akamsogelea mwashi. "Mwanangu, tulidhani umetukimbia."

"Sikukimbia, mzee. Ngazi zilinishinda."

Mzee aliona haya. Alimgeukia seremala. "Na pale kwetu, mlangoni, kuna ngazi?"

"Zipo, mzee. Ndefu kuliko hizi."

"Basi toa na ubao wa pili mlangoni, uulaze kwenye ngazi zetu. Ukimaliza, anza mabenchi."

Siku ya ufunguzi mlango ulikuwa na viraka viwili. Wa kwanza kuingia alikuwa mwashi, na aliyemsukuma ni seremala. Waumini walisimama kumpokea, wengine wakilia, na nyumba ikajaa kwelikweli. Hakuna aliyeuliza habari za viraka. Nyumba njema si mlango.