Ukingo Uliofagiwa

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za majini na masultani, nasema zamani za juzi tu, watu walipokwisha kuwa na simu mfukoni na masikio wameyaacha nyumbani, palikuwa na mtaa wa pwani uitwao Kiwambani. Sikilizeni vizuri, maana mwisho wake nitawauliza nyinyi, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Kiwambani ilikuwa na kijito. Kilishuka kutoka mashambani, kikapita kati ya nyumba, kikapiga kona moja kubwa karibu na pwani, kisha kikaingia baharini pale wanawake walipolima mwani. Kwa miaka mingi watu walikitupia kila kilichowachosha: magodoro, vifuu, chupa, hata mbuzi aliyekufa. Mvua ikinyesha, uchafu wote ulishukia kwenye mwani, na wanawake wakarudi nyumbani na kamba zilizojaa tope. Basi ikafika siku mtaa mzima ukakubaliana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwamba jaa liondolewe na pawe na bustani ya watu wote, na kazi kubwa ya bustani hiyo iwe kukilinda kile kijito.

Aliyepewa kuitunza ni Bi Siwatu, mjane, msuka mikeka, ambaye nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na maji, pale pale kwenye kona. Walimchagua kwa sababu alikuwa akikata ukindu kando ya kijito tangu usichana wake, na kwa sababu, tuseme kweli, hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Bi Siwatu akapanda mikindu ukingoni. Akapanda matete chini yake. Akauacha ukoka utambae unakotaka. Mizizi ikashikana, na mvua kubwa ilipokuja ukingo haukuondoka hata kidogo. Maji yakaufikia mwani yakiwa safi. Wanawake wakapiga vigelegele pwani, na Bi Siwatu akasema moyoni, sasa nitapumzika.

Apumzike wapi? Watu wa Kiwambani wana ugonjwa wao mmoja, nao ni kufagia. Mwanamke wa pale hushika ufagio wa chelewa kabla hajanawa uso. Uwanja ukifagiwa lazima udongo ubaki mtupu na mistari ya chelewa ionekane. Majani yakiota uani, wapita njia huulizana mle ndani anaumwa nani. Kwa hiyo kila aliyepita bustanini alimwambia Bi Siwatu kwamba bustani nzuri, mashallah, lakini mbona ameiacha imeota majani? Bi Siwatu akaeleza kuwa majani hayo ndiyo yaliyoushika udongo. Wakasema, aa, kumbe. Kesho yake wakapita tena, wakauliza mbona ameiacha imeota majani. Alieleza sokoni. Alieleza harusini. Alieleza msibani, watu wakimpa mkono wa rambirambi na yeye akiwapa habari za mizizi. Ilifika hadi akimwona mtu kwa mbali amegeuza uso kuelekea ukingoni, kichwa kinaanza kumgonga.

Ndipo ikaja habari kwamba mgeni mkubwa kutoka mjini angekuja kuifungua bustani rasmi.

Sheha wa mtaa aliitwa Ngwali. Ni mtu mpole na mwenye nia njema, lakini akisikia neno mgeni hupoteza mwelekeo. Akaamua turubai la mgeni lisimame kwenye kona ya kijito, kwa kuwa pale pana upepo. Bi Siwatu akamweleza kuwa kona ndiyo inayopigwa na maji, ndiyo mahali pa kuachwa kabisa. Sheha akaitikia, ndiyo, ndiyo, Bi Siwatu, umesema kweli. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Fundi Vuai akamwagiza apasawazishe mahali pa viti pale pale.

Fundi Vuai ndiye aliyejenga njia za bustani. Alizijenga kwa mawe ya kupanga, bila saruji, ili maji ya mvua yapenye ardhini, na kazi yake ilikuwa ya kupendeza. Alipofika kwenye kona aliutazama ukingo, akakuna kichwa, akamtahadharisha sheha kwamba ukichongwa utasimama wima kama ukuta. Sheha akasema mgeni hawezi kukalia kiti kilichoinama. Fundi akauchonga.

Haya. Siku moja kabla ya shughuli akaja Kazija, kiongozi wa wanawake wa mwani, amewaita wenzake wote kwa msaragambo, kazi ya kujitolea kwa pamoja. Walikuja na fagio, walikuja na majembe, walikuja na mapanga. Wakafagia njia, sawa. Wakafagia chini ya miti, tuseme sawa. Walipofika kwenye kona Kazija akawasimamisha. Alikumbuka kwamba aliwahi kuambiwa kitu kuhusu yale majani, ila hakukumbuka ni kitu gani. Akaenda kwa Bi Siwatu, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake akisuka, wakasemezana kidogo. Walichosemezana kiwekeni kando, nitakirudia. Kazija aliporudi, wanawake walikwangua kona nzima. Waling'oa ukoka. Waling'oa matete. Mikindu michanga waliikata shinani, eti miiba yake isimchane mgeni kanzu. Kisha wakafagia, na mistari ya chelewa ikaonekana tangu njiani hadi ukingoni. Kila aliyepita alisema sasa ndiyo bustani.

Mgeni akaja. Akasimama chini ya turubai akaanza kueleza umuhimu wa kutunza mazingira, na kabla hajafika mbali mvua ikashuka. Watu wakakimbilia barazani. Hilo ndilo lililowaokoa, maana haukupita muda ukingo ukaachia, ukashuka mzima mzima na turubai lake, na viti, na zulia jekundu lililoazimwa msikitini. Tope likaziba njia ya kijito. Maji yalipokosa pa kupita yakageuka, yakaelekea nyumbani kwa Bi Siwatu, yakabeba jiko lake la uani na vyungu vyake na ukindu wote aliokuwa ameanika. Yalisimama kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala, na chini ukaonekana msingi. Tope jingine lilikwenda kuufunika mwani.

Watu wa maji kutoka wilayani walikuja, wakapima, wakasema hivi. Tope lile haliondoki kabla ya masika. Kijito lazima kichimbiwe njia mpya, na kona imepakana na maeneo manne tu: shamba la minazi la Sheha Ngwali, kiwanja cha Fundi Vuai, uwanja ambao Kazija na wenzake huanikia mwani, na nyumba ya Bi Siwatu. Njia ikipita katika eneo, mwenye eneo asahau kuwa na kitu pale. Na wasipochimba popote, masika yakija, maji yatafuata pale yalipokwisha kuonja, yaani nyumba ya Bi Siwatu.

Mtaa ukakutana katika ghala la mwani. Wakakubaliana kwamba atakatiwa ardhi yule mwenye kosa kubwa zaidi. Bi Siwatu alikaa mbele kabisa, mikono imekunjwa, uso umefura. Alikuwa na hakika. Mtu aliyesema miaka yote, leo atasikilizwa.

Sheha Ngwali akasimama kwanza. Akasema minazi ile ilipandwa na babu yake na ndiyo inayomlisha yeye na ndugu zake wote, kisha akasema, "Mimi niliagiza pasawazishwe. Sikuagiza ukingo usimamishwe kama ukuta. Mimi si fundi, ningejuaje? Kosa langu mimi liko wapi?"

Bi Siwatu akamkumbusha kwamba aliambiwa. Sheha akakubali kuwa aliambiwa, lakini akasema siku hizo aliambiwa mambo mengi.

Fundi Vuai akasimama. Akasema kiwanja chake kina msingi wa nyumba ya binti yake, na binti anaolewa baada ya Idi, akikosa nyumba hana pa kwenda. Kisha akasema, "Nimechonga, sikatai. Lakini nilimtahadharisha sheha, na nilipouacha ule ukingo ulikuwa bado na mizizi yake, na mizizi ingeushika. Aliyeing'oa si mimi. Kosa langu mimi liko wapi?"

Bi Siwatu akamuuliza ni nani aliyemlazimisha kuinua jembe kama aliyajua yote hayo. Fundi akakaa.

Kazija akasimama wa mwisho. Hakuanza na uwanja wake, ingawa kila mtu alijua kwamba ule si wake peke yake, ni wa wanawake wote wa mwani, na bila mahali pa kuanikia mwani huoza. Alinyoosha mikono mbele akaitazama.

"Nimeng'oa kwa mikono hii," akasema. "Na mwani wangu umekufa kwa tope la mikono hii hii. Lakini kabla sijang'oa nilikwenda kuuliza. Bi Siwatu, dada yangu, waambie ulinijibu nini."

Sasa ndiyo tunakirudia kile nilichowaambia mkiweke kando. Siku ile Bi Siwatu alikuwa mlangoni, amefika kwenye ukingo wa mkeka, mahali ambapo mkono ukikosea lazima ufumue. Asubuhi hiyo sheha alikwishapita akauliza kuhusu majani. Mke wa fundi alikwishapita akauliza kuhusu majani. Muuza samaki, ambaye hata si wa mtaa ule, alikwishauliza. Kisha Kazija akaja, amesimama na jembe, akauliza kwa adabu kabisa: haya majani ya kwenye kona, tung'oe au tuache? Na Bi Siwatu alijua kama anavyolijua jina lake kwamba jibu ni neno moja. Aliliona neno lenyewe liko ulimini. Alishikwa na hasira ya kulisema tena, akaona bora afe.

Ghala zima likamgeukia. Mikono yake ikafunguka, akaiweka magotini.

"Nilimjibu, fanyeni mtakavyo," akasema.

Watu wakaguna. Sheha akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, na Bi Siwatu alipoisikia pumzi ile akasimama.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Sheha, nilikwambia au sikukwambia? Fundi, ulijua au hukujua? Kazija, mwenzangu, umekula kwa kijito kile, nimekueleza pwani, nimekueleza kwako, nimekueleza mpaka ukacheka. Wote mlijua. Mlijua mkasahau, mkajua tena mkasahau tena, na kazi ya kukumbuka mkaniachia mimi peke yangu, kila siku ya Mungu. Nikaikumbuka kila siku. Siku moja tu nimechoka, siku moja, na ndiyo hiyo mnayonijia nayo hapa. Nimepoteza jiko, nimepoteza ukindu, msingi wangu uko nje unapigwa jua. Kosa langu mimi liko wapi?"

Lakini alipofika kwenye maneno hayo ya mwisho aliyatambua. Alikuwa ameyasikia yakisemwa na sheha na fundi, na alivyoyachukia midomoni mwao ndivyo alivyoyachukia mdomoni mwake. Akakaa. Kazija akamsogelea akakaa karibu naye, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sasa mambo yako hapo. Majembe yameegemezwa kwenye ukuta wa ghala, mawingu ya masika yameanza kukusanyika upande wa bahari, na kijito kinangoja kuonyeshwa njia. Sheha aliagiza akasahau alichoambiwa. Fundi alijua na akachonga. Kazija aliuliza, akajibiwa, akang'oa. Bi Siwatu alisema kila siku isipokuwa siku iliyotakiwa. Wakishindwa kuamua watakuwa wamekwisha kuamua, maana maji yatapita nyumbani kwa Bi Siwatu.

Semeni nyinyi basi, mmoja mmoja, wala asitokee mtu akaniambia nifanye nitakavyo. Je, nani alistahili kukatiwa ardhi yake?