Shamba la Kavata na Funza Asiyekufa

Sogeeni, na mwenye hofu ashike mkono wa mwenzake, maana hii hata mimi huisimulia nikitetemeka.

Kavata, mjane wa Kitui, alikuwa na watoto watatu. Kanini alijaliwa macho ya kuona kilichojificha. Musembi alijaliwa kichwa kigumu. Ndinda, kitinda mimba, hakujua woga. Mama mwenyewe aliogopa kitu kimoja tu: funza wa pamba, aliyewahi kuwalaza njaa mwaka mzima.

Ikaja mbegu mpya, iliyotengenezwa maabara. Funza akiuma tu, anakufa. Ila wataalamu walionya: pembeni acheni mistari ya pamba ya zamani, funza wajilie. Kijiji kikacheka. Nani anafuga adui? Wote wakaing'oa, na Kavata akaamuru yake ing'olewe.

"Sing'oi, mama," alisema Musembi. "Funza hukua wakawa nondo, vipepeo wa usiku. Nondo wa pamba hii wakioana na wale sugu, wasiouawa na pamba mpya, watoto wao watakufa wakiila. Tukiing'oa, sugu wataoana wenyewe kwa wenyewe."

"Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe unakishonea nguo!" Kavata alifoka. Hakumsemesha mpaka mavuno, lakini mistari ilibaki.

Msimu mmoja Kanini alipasua kitumba cha pamba mpya. Ndani mlikuwa na funza mnene, anakula.

"Mama, huyu hafi."

Kavata aliketi mchangani. Aliiona njaa ile ile ikipiga hodi.

Ndinda hakungoja. Kila mche wa pamba mpya ulioonekana na funza aliung'oa na kuuchoma, hata uliojaa vitumba, huku mama akimng'ang'ania kanga: "Unachoma chakula chetu, mwanangu!" Alichoma tu.

Mashamba ya majirani yalibaki vijiti. La Kavata lilipona.

Sasa Kavata amezeeka. Shamba ni dogo, haligawanyiki, na lazima mmoja alishike.

"Nisingeona, mngejua lini?" anauliza Kanini.

"Bila mistari yangu, wangekuwa sugu wote," anajibu Musembi. "Hata ungeona, ungefanya nini?"

"Bila moto wangu mngekaa mkitazama," anasema Ndinda, "hadi funza wamalize kula."

Mama anawasikiliza. Jioni nondo wa majirani huvuka ua, na hajui ni wangapi waliokwisha kuwa sugu. Akimpa asiyefaa, watalala njaa wote, na safari hii hana nguvu za kuanza upya.

Wingu la mvua limetanda, mbegu iko mlangoni. Haya, ninyi mlioketi hapa: mngekuwa Kavata, shamba mngemkabidhi nani?