Pilau Kando ya Kizuizi

Apa kwanza hutamwambia mtu. Mimi nilimwapia Zuwena mwenyewe, nikajikaza tangu asubuhi, na sasa nimechoka.

Mumewe, sonara wa mkoa wa Sange, hutembea na bastola kiunoni, na kibali anacho. Juzi alipovuka kuingia mkoa jirani wa Mavumba, mkuu wa kizuizi, Bwana Mdachi, yule ambaye koti halimtoki hata juani, alimpokonya bastola hiyo.

"Kibali cha Sange kwangu ni karatasi ya kufungia karanga!"

Jana Zuwena akaja na sufuria ya pilau, akaitua upande wa Sange, hatua tatu kabla ya kizuizi. Abiria na askari wa Sange wakaizunguka.

"Shemeji Mdachi, sina kinyongo. Karibu!"

"Niletee huku."

"Sufuria ya moto, baba, na nyama ndizo hizo zinaisha."

Mdachi akainama chini ya mti wa kizuizi, akavuka, akachutama, akatia mkono. Koti likapanda mgongoni.

"Makubwa! Kiunoni kuna nini, shemeji?"

"Bastola yangu. Nina kibali."

"Cha mkoa gani?"

Mdachi akageuka, akakiona kizuizi kiko nyuma yake. Askari wa Sange alikwisha kumkamata mkono, unachuruzika mafuta.

"Kibali cha mkoa wowote ni halali!" akapiga kelele, mdomo umejaa pilau, mbele ya abiria wote.

"Basi lete ya mume wangu," akasema Zuwena.